Tarumbeta Iliyozibwa Mdomo

Baba yangu alipopofuka hakuacha kutazama filamu. Nasema kutazama kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe, na ole wako umsahihishe. "Nitilieni filamu nitazame," husema, kisha anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kanzu imepigwa pasi, miwani kaivaa ya nini Mungu ndiye ajuaye, uso kauelekeza kwenye televisheni. Na si filamu yoyote. Alitaka za upelelezi, za zamani, zile nyeusi na nyeupe ambazo mvua hainyeshi ila usiku na kila mwanamume ana kofia na sigara, na alitaka zenye jazi ndani yake. Isiyo na jazi haitaki. Kaka yangu aliwahi kumletea filamu mpya ya polisi, magari yanaruka na madaraja yanaripuka. Baba aliisikiliza dakika tano, akasema, "Hawa wamekodi muziki wa harusi. Izime."

Tulikuwa tunakaa Al Qusais, ghorofa ya nne, kwenye jengo la zamani lenye viyoyozi vya dirishani vinavyodondosha maji ukutani mwaka mzima. Wazee wangu walifika Dubai kutoka Unguja mie bado sijazaliwa, na baba alifanya kazi ya stoo bandarini mpaka akastaafu. Lakini ukimuuliza kazi yake, hatakwambia stoo. Atakwambia yeye ni mwendesha mashine. Ujanani kwake, Unguja, ndiye aliyekuwa akikaa kile chumba cha juu nyuma ya watazamaji, kwenye joto la taa, akiendesha mashine mbili za sinema. Filamu ilikuja vipande vipande kwenye magurudumu ya bati. Gurudumu moja likiwa linakwenda, yeye huku analirudisha nyuma lile lililokwisha, analitia linalofuata kwenye mashine ya pili, na lazima abadilishe sekunde ileile, ama sivyo kioo kinabaki cheupe na watu kule chini wanapiga mbinja na kumtukania mama yake. Mikono ina kazi, macho yana kazi. Yaliyobaki ni masikio. "Mie picha sikuwa nikiiona," akisema. "Nilikuwa nikiisikia. Saksafoni ikipanda mara ya pili, najua nimebakiwa na nusu dakika."

Kwao wakati ule kila bendi ya dansi ilijiita jazi, na baba alizipenda na kuzichezea mpaka viatu vikaisha soli. Ya kwenye filamu, akisema, ilikuwa nyengine kabisa. Ile haikutaka ucheze. Ile ilikuwa inakwambia jambo ambalo wale watu kwenye picha hawataki kukwambia. Alikuwa na kanuni zake, na sisi watoto tulizijua kama tulivyojua Alhamdu. Saksafoni ikija taratibu, chini chini, mwanamke ameingia na hatasema kweli. Besi ikitembea peke yake, na ngoma inafagiwa na zile brashi za waya, mtu anafuatwa na mwenyewe hana habari. Piano ikigongwa kidole kimoja kimoja, mpelelezi yuko chumbani kwake anajuta. Na tarumbeta iliyozibwa mdomo, ile wanayoitia kikombe cha bati mbele ili sauti itoke kwa kubanwa, basi hapo mtu kafa. Anaweza kuwa hajaonekana bado. Pengine hata mkewe ndani ya filamu hajui. Lakini kafa.

"Wote humo waongo," baba akisema. "Yule mpiga tarumbeta tu ndiye hana sababu ya kudanganya."

Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, ikaanzia pembeni ikaja kati, mpaka akawa anauona mwanga wa dirisha na basi. Wa kwanza kumfanyia kazi ya macho alikuwa mama yangu.

Mama hakuzipenda filamu zile hata chembe. Kwake jazi ilikuwa kelele za walevi waliokosa usingizi. Lakini kila jioni alikuwa anakaa mkekani na sinia la mchele, anachagua mawe, na anamsimulia mumewe kinachotokea. Na alivyosimulia, jamani! "Haya, kaingia huyo kahaba wako. Nguo imembana, sijui atakaaje. Kakaa. Kapandisha mguu juu ya mguu. Lo, hana haya! Anamwomba huyo bwana sigara, na sigara anazo mwenyewe kwenye mkoba, nimeziona." Baba anacheka mpaka anakohoa. Mama hakuruka kitu. Mtu akipigwa risasi alisema kapigwa, na wapi, na damu imefika wapi. Baba akiuliza, "Kafa?" mama anajibu, "Kafa, tena kafa vibaya, mdomo wazi." Nilikuwa nafanya kazi mapokezi ya hoteli moja Garhoud, nikirudi miguu inaniwaka moto, nawakuta wawili hao wanabishana nani muuaji na chai imewapoa. Ndoa yangu mie ilikuwa ishavunjika, ndiyo maana nilirudi kukaa nao, na nikiwatazama niliona wivu. Nasema kweli, niliwaonea wivu wazee wangu.

Sidii tulizinunua kwa mama mmoja wa Kichina aliyekuwa akipita mlango kwa mlango na begi mgongoni. Miaka ile walikuwa wengi, wanagonga, wanasema "dividii, dividii," na hawajui neno jengine. Mama hakujua Kichina, yule hakujua Kiswahili wala Kiarabu cha kutosha, basi mama anamwigizia. Anavuta kofia isiyokuwepo mpaka kwenye jicho, anajaza mashavu hewa, anapuliza tarumbeta isiyokuwepo, na mtandio unamwanguka. Yule Mchina anacheka mpaka anakaa chini mlangoni, halafu anachimba begi anatoa tatu, nne. Nyengine ndani tulikuta katuni. Nyengine zilikatika katikati, na mpaka leo hatujui nani alimuua nani.

Kuna jambo lao moja sina budi kulisema hapa, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nalo. Baba alikuwa amesema mbele yetu sote, zaidi ya mara moja, kwamba akitangulia mama, yeye ndiye atakayemsalia na yeye ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea. Kwetu mume ana haki hiyo ya kumshusha mkewe. Upofu hakuujali. "Mikono yangu inaona," akisema, na mama anamjibu, "Usije ukaniangusha tu." Hakudai kingine duniani. Haki hiyo aliishika kama sisi wageni wa nchi hii tunavyoshika pasipoti.

Mama akaugua mapafu. Alilazwa Alhamisi, na Jumapili nikampeleka baba kumwona. Akapapasa mpaka akaupata mkono wake. Mama akasema, chini ya ile barakoa ya hewa, "Umekula?" Baba akasema amekula. Alikuwa hajala, na mama alijua, akamwambia muongo.

Jumanne saa tatu asubuhi nilikuwa jikoni, simu ikalia. Kaka, yuko hospitali. Akasema, "Mama katutoka." Na kabla sijavuta pumzi akasema, "Usimwambie mzee."

Asiye wa kwetu atatushangaa, lakini ndivyo tulivyo. Habari ya kifo hatumtupii mtu usoni. Tunaizungusha. Mtu yuko mbali, kafiwa, tunampigia simu tunamwambia mgonjwa wako hali yake si nzuri, fanya uje, na mgonjwa kashazikwa tangu jana. Tunaona hiyo ndiyo huruma. Na baba moyo wake ulikuwa umetiwa nyaya za kufungua mishipa mwaka uliotangulia, daktari alisema asishtuliwe. Kaka na mama mdogo, ndugu yake mama, walishakata shauri palepale hospitali: maiti izikwe leo baada ya alasiri, matanga yawe kwa kaka, upande wa pili wa mji, ili baba asisikie kilio, na siku ya tatu aje shekhe amwambie kwa taratibu. Mie nilipewa kazi moja tu. "Mshughulishe," kaka akasema. "Mtilie filamu zake."

Nikasema, "Na kumzika je? Si alisema yeye..."

"Unataka tuzike wawili?" kaka akanikata.

 Nikasema sawa. Simu ile nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Mie ndiye mtoto wa kike pekee, ilikuwa haki yangu kumwosha mama yangu kwa mikono yangu, na sikumwosha. Nilifungua bomba la jikoni maji yamwagike kwa nguvu, nikalia humo, nikanawa uso, nikampelekea baba chai.

"Mama yako kaamkaje?" akauliza.

"Hajambo, baba. Kapumzika."

"Alhamdulillahi. Leo tutakwenda kumwona."

"Kesho, baba. Leo daktari hataki watu."

Nilishangaa uongo ulivyokuja mwepesi. Ulikuwa unanisubiri mdomoni.

Saa nane mchana, baada ya chakula, nikamtilia filamu. Nilichomoa ya juu kabisa kwenye rundo, hata sikutazama ni ipi. Ikaanza na mvua, besi na zile brashi za waya, na baba akajiweka sawa kitini, akasema, "Anafuatwa huyo." Kweli alikuwa anafuatwa. Nikamsimulia kama nilivyoweza. Mpelelezi wa koti refu. Mwimbaji wa klabu, mwanamke wa makamo, mzuri lakini kachoka, anaimba watu hawamsikilizi. Simu yangu nilikuwa nimeitoa sauti na kila mara inatetemeka mapajani. Kaka: wamemaliza kumwosha. Kaka: wanamtoa hospitali. Nasoma, nainua kichwa, nasema, "Sasa wanapanda ngazi, baba."

Mpelelezi akafungua mlango wa chumba cha yule mwimbaji. Hapo ikaingia tarumbeta. Iliyozibwa. Haikupiga kwa nguvu, ilitoka pole pole, kama ya mtu anayepuliza huku hataki kusikika. Na kwenye kioo, kitandani, yule mwanamke, na mkono wa polisi unavuta shuka jeupe kutoka miguuni, kifuani, unamfunika uso.

Nilipaswa kusema, kafa, baba, wanamfunika. Maneno hayakuwa mengi. Mama yangu angeyasema huku anachagua mawe. Mie nikaliona lile shuka, nikamwona mama. Nikasema, "Anacheka, baba. Anamimina chai."

Baba akageuza kichwa upande wangu. "Anacheka?"

"Ndiyo."

"Hebu nyamaza nisikie." Akasikiliza. Tarumbeta ikaendelea, ndefu, mpaka ikazimika yenyewe. "Mwanangu, hiyo haimchekei mtu. Hapo pana maiti."

"Labda, baba. Picha ina giza."

Akavua miwani akaiweka pajani. "Simamisha."

Nikasimamisha. Ukabaki mlio wa kiyoyozi. Akasema, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba, "Mama yako yu hai?"

Saa ya ukutani ilikuwa tisa kasoro dakika kumi. Alasiri ilikuwa bado. Makaburi ya Al Qusais ni robo saa kwa gari kutoka kwetu, na funguo za gari nilikuwa naziona mezani, karibu na bakuli la tende. Ningesema, hapana baba, katutoka, vaa viatu, angefika. Angemsalia. Angeshuka akampokea. Nafasi ilikuwapo mbele yangu, na baba mwenyewe ndiye aliyenifungulia.

"Yu hai, baba," nikasema. "Wallahi hajambo."

Niliapa. Hata hakuniomba niape.

Akarudisha miwani machoni. Kisha akasema, "Basi endelea," nikaendelea, na mwisho wa filamu ile sikumbuki hata kidogo.

Alasiri ilipoadhiniwa akaswali hapo hapo sebuleni, mie nikakaa nyuma yake. Alipotoa salamu akavuta uradi mrefu, kisha akainua mikono, akamwombea mama. Akataja jina lake na jina la mama yake. Akaomba Mola amponye, ampunguzie maumivu, amrudishe nyumbani kwake salama, tena akaomba kwa urefu, na mie nyuma natakiwa niitikie amin. Nikaitikia. Kaka aliniambia baadaye kwamba wakati ule walikuwa wanasawazisha mchanga. Sijui kama Mungu atanisamehe zile amin.

Siku mbili baada ya hapo nilimdanganya mara ngapi sikuhesabu. Uongo wa pili hauumi kama wa kwanza, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikilikumbuka.

Ijumaa baada ya sala wakaja: kaka, mama mdogo, na shekhe. Baba alipowasikia wote watatu mlangoni akaweka kikombe chini. Shekhe akaanza kwa mbali, na aya, na subira, na sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu. Baba akamwachia mpaka mwisho. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Moyo wake, ule tuliouogopa sote, haukufanya lolote. Ulikuwa mzima kuliko wetu.

"Mmezika?" akauliza.

"Tumezika, baba," kaka akasema.

"Siku gani?"

"Jumanne."

"Saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

Baba akawa anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Niliona alipofika. Akaelekeza uso pale nilipokuwa nimesimama, na sijui alijuaje nilipo maana nilikuwa sijapumua.

"Tulikuwa tunatazama filamu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na nilikuuliza."

 Kaka akaanza kueleza habari ya moyo na daktari, mama mdogo akalia kwa sauti, shekhe akasema walikusudia kheri. Baba akawaitikia wote kwa adabu, ehe, ndiyo, naelewa. Mie sikuambiwa kitu. Nilitaka anitukane. Wallahi nilitamani achukue ile fimbo yake anipige nayo, tumalize, khalas.

Wiki iliyofuata nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu. Duniani na akhera." Na alimaanisha, baba hakuwa mtu wa kusamehe nusunusu. Nikafarijika kama mjinga. Jioni nikamuuliza, "Nikutilie filamu?" Akasema, "Leo nimechoka." Kesho yake alichoka pia. Na kesho kutwa.

Kumbe hakuwa amechoka. Chini ya jengo letu palikuwa na mlinzi, Mkenya wa bara, Mkristo, mtu mzima mwenye watoto wanne kwao. Ndiye aliyekuwa akimshika baba mkono kumvusha barabara kwenda msikitini, kisha anamngoja nje mpaka atoke. Zamu yake iliisha saa kumi na mbili jioni, na basi la kampuni la kumrudisha Muhaisnah, kwenye kambi ya wafanyakazi, lilikuwa halifiki mpaka saa moja na nusu. Siku moja narudi kazini namkuta sebuleni kwetu, kakaa ukingoni mwa kochi na yunifomu yake, viatu kavua, na televisheni inavuma saksafoni.

"Karibu, madam," akasema, akataka kusimama. Baba akamwambia, "Kaa. Endelea."

"Sawa, mzee. Sasa huyu jamaa ameingia. Ako na koti refu hivi, imelowa. Ameshika bunduki lakini ameificha."

"Ndogo au kubwa?"

"Ndogo, ile ya mfuko. Na kuna mama ameketi hapo. Mrembo, lakini mzee, huyu mama ni mwongo. Hata mimi naona."

Baba akacheka. Sikumsikia akicheka tangu mama yuko hai. "Umejuaje?"

"Ameangalia chini."

"Mie nimejua kwa saksafoni. Sikiliza nikufundishe."

Nikaenda jikoni, nikasimama na mkoba begani. Akamfundisha zote. Besi na brashi. Piano ya kidole kimoja. Yule bwana alikuwa anauliza maswali mazuri, na asipoona kitu alisema, "Hapo sijui, mzee, sijaona vizuri," na baba akimwambia, "Vizuri. Usipoona, sema hujaona." Alipofika kwenye tarumbeta iliyozibwa nikafungua bomba.

Ikawa hivyo kila jioni ambayo yule mlinzi ana nafasi. Kwangu baba hakubadilika. Alikula nilichopika, aliniuliza habari za hotelini, aliniombea dua nikitoka. Lakini chochote kilichohitaji macho hakuniuliza tena. Barua ya benki ikifika, inamngoja mlinzi. Hata tarehe ya dawa kwenye chupa alimsubiri yeye amsomee. Kusamehe alisamehe. Kuniamini ndiko kulikokwisha, na hilo halikuwa mikononi mwake kunirudishia.

Baada ya arobaini baba akasema anataka kwenda kaburini. Nikasema nitampeleka. Akasema vizuri, wewe uendeshe, na tumchukue na huyu bwana, ni siku yake ya mapumziko. Nikaelewa. Tukaenda asubuhi, watatu, baba mbele, mlinzi nyuma, barabara imechimbwa pande zote kwa ajili ya ile reli ya metro.

Wanawake wa kwetu hatuendi mazikoni, kwa hiyo nilikuwa sijafika pale. Kaka alitupa namba ya mstari na ya kaburi. Mlinzi akamshika baba mkono, mie nikawafuata hatua mbili nyuma na buibui langu, hakuna aliyetuuliza kitu. Jua kali, mchanga mweupe, mistari imenyooka mpaka mwisho wa macho. Mlinzi akasoma namba. "Ni hapa, mzee."

Baba akachuchumaa. Akapapasa mchanga kwa viganja vyote viwili, akakuta jiwe, akalishika. Akasoma Fatiha na Yasini.  Kisha akasema, "Liko vipi? Nambie."

"Ni mchanga tu, mzee. Safi. Kuna jiwe na kibao kidogo cha namba. Hakuna maua."

"Na ubavuni kwake pana nafasi? Nataka nije hapa."

Mlinzi akatazama kulia, akatazama kushoto. Nami nikatazama. Kule wanazika kwa mstari, anayefuata analazwa anapofuatia, na tangu Jumanne ile watu hawakuacha kufa. Mama alikuwa katikati, na baada yake makaburi yalikwenda safu nzima na kuanza nyengine. Mlinzi akaniinulia macho. Nikamtikisia kichwa. Nikamkunjia uso, nikaweka kidole mdomoni: mwambie ipo. Itamgharimu nini? Mwambie ipo nafasi, mzee afurahi, turudi nyumbani.

Yule bwana akanitazama kidogo, bila ya hasira. Akachuchumaa karibu na baba.

"Hapana, mzee," akasema. "Hakuna nafasi. Pande zote mbili wamezikwa watu."

 Mkono wa baba ulikuwa bado juu ya jiwe. Kisha akatikisa kichwa taratibu, mara mbili, kama mtu aliyepokea jambo akalijua uzito wake.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia. Na bila ya kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamuuliza, "Kakwambia usinambie?"

 Mlinzi akasema, "Ndiyo, mzee."

Nikatangulia kwenda kuwasha gari.